Wapeni wazee wa vita ya Kagera ukurasa wa hadithi

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwaka 1978 nilikuwa mgambo wa miaka 19 nikachukuliwa kwenda kumpiga Nduli Idi Amin. Kila mwaka mnatuandikia yaleyale, daraja la Kyaka lilivyobomolewa, hotuba ya Mwalimu ya uwezo tunao sababu tunayo nia tunayo, halafu Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979 basi. Kweli tupu, ila hapo katikati kuna watu walitembea kwa miguu toka Mtukula mpaka Kampala na ya njiani hatuyasemagi hata nyumbani.

Nilijaribu kuyaandika kama yalivyo nikashindwa. Nikifika Lukaya, ile barabara inayopita kwenye mafunjo, usiku, roketi zinakuja na hujui mwenzako kaangukia wapi, mkono unagoma kabisa. Mjukuu wangu ndo akaniambia babu si umpe mtu mwingine hayo mambo, tunga. Basi nikatunga kijana, nikampa buti zangu zilizonichubua na nikampa rafiki yangu ambaye mimi sikurudi kumchukua. Huyu kijana yeye anarudi, anaingia kwenye maji mpaka kifuani anamwita jina. Niliandika kurasa 11 usiku ule huku nalia, asubuhi nikanywa uji nikalala mpaka saa nane, mke wangu akaja kuniangalia kama napumua.

Nikampelekea mchapishaji mmoja akasema toa ya kutunga, weka tarehe na majina ya makamanda. Sitoi. Tarehe na makamanda mbona vimeshaandikwa sana. Ukienda Kaboya walikozikwa wenzetu hakuna pa kusoma kwamba huyu alikuwa anaogopa maji, yule alikuwa anaimba vibaya na tulimzomea tukiwa handakini, hayo yamebaki kwetu tu na sisi tunaisha, wa umri wangu ndo tulikuwa wadogo kule.

Zamani magazeti yalikuwa na hadithi za mfululizo watu wakigombania. Rudisheni jamani, hata robo ukurasa Jumapili, mwaliko uwe kwa askari wazee, na msiwaulize lipi la kweli lipi la kutunga. Za kwangu sura nne mjukuu kashazichapa kwenye simu, ya tano bado, kijana hajatoka majini.

Mgambo mstaafu,
Kagera