YAH: MALALAMIKO YA KUPIMWA KWENYE MIZANI KAMA MZIGO, NA BAISKELI YANGU KUANDIKWA GUTA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Risiti niliyoambatanisha imeandikwa "Guta 1, kg 97". Naomba uisome mara mbili kabla hujaendelea. Mnachokiita guta, yaani chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, ni baiskeli yangu ya kuendesha kwa mikono. Na katika hizo kilo 97, kilo 58 ni mimi.

Nimekaa siku tisa bila kuandika kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Haijapoa. Adabu nitaitunza, maana ndivyo nilivyolelewa, lakini sitalainisha neno hata moja.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, stendi ya Mbezi. Nina tiketi mbili za Tanga mkononi, yangu na ya mwanangu wa darasa la tano, kiti namba 3 na namba 4, nauli kamili zote mbili. Kijana wenu wa dirisha la mizigo akakataa kuipokea baiskeli yangu kwa bei ya baiskeli. Nikamwonyesha bango lenu wenyewe, limebandikwa ukutani juu ya kichwa chake: Baiskeli 10,000. Akanijibu, "Mzee, baiskeli ina magurudumu mawili. Hilo ni guta, na guta linapimwa." Nikasema sawa, kama hakuna budi ipimwe, naomba kiti nishuke. Akasema gari linaondoka, hana muda wa kutafuta kiti. Akaita makuli wawili, wakaisukuma baiskeli mpaka juu ya mizani nami nikiwa nimekaa humo humo. Ikasomwa 97, akaandika 97, akazidisha kwa 400. Shilingi 38,800. Nikalipa, kwa kuwa hitma ya mama yangu ilikuwa alasiri ya siku hiyo na basi linalofuata lisingeniwahisha.

Kwa hiyo katika gari lenu moja, safari moja, mwili wangu nimeulipia mara mbili: mara ya kwanza kama abiria wa kiti namba 3, mara ya pili kama kilo 58 za mzigo ambazo wala hazikupanda kwenye buti.

Sasa tuzungumze habari ya baiskeli, kwa sababu kijana wenu alinifundisha baiskeli ni nini mbele ya foleni nzima, na mimi ni fundi baiskeli tangu mwaka 1994.

Baiskeli yangu nimeiunda kwa mikono yangu. Magurudumu mawili ya nyuma nimeyatoa kwenye Phoenix mbili zilizokwisha kazi, rimu za inchi 28, spoku 40 kila moja. La mbele lina spoku 32. Pedeli ziko kifuani kwangu badala ya kuwa chini, kwa sababu miguu nilinyang'anywa na polio nikiwa na miaka mitatu. Nikizungusha, mnyororo unavuta gurudumu la mbele na chombo kinakwenda. Injini haina, betri haina, tangi haina. Tairi likitoboka naliziba kwa kiraka kilekile na gundi ileile ninayozibia tairi za wateja wangu. Askari wa usalama barabarani wamenisimamisha mara nyingi, wengine ili kunivusha tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba leseni au kadi ya chombo. Nyumbani, sokoni, msikitini, kila mtu huiita baiskeli. Hata kile kiti cha magurudumu cha hospitalini watu hukiita baiskeli, na hakuna anayesimama kuhesabu magurudumu kwanza.

Na kama desturi ya watu haiwatoshi, upo mkataba wa kimataifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu chake cha kwanza, unaeleza kuwa chombo cha aina hii ni kile chenye magurudumu yasiyopungua mawili, kinachokwenda kwa nguvu ya misuli ya waliomo na si kingine, hasa kwa pedeli au kwa mpini wa kuzungushwa na mikono. Yasiyopungua mawili, Ndugu Meneja. Matatu hayapungui mawili. Na mikono imetajwa kwa jina lake. Waliokaa kuandika maneno hayo walimkumbuka mtu kama mimi zaidi ya nusu karne iliyopita. Ninyi mnanibeba kila mwaka na hamjanikumbuka.

Nina mteja ambaye ni wakala wa forodha. Nilipomweleza yaliyonipata alinionyesha namba. Katika vitabu vya forodha, 8712 ni baiskeli na vyombo vya namna hiyo visivyo na injini, na humo humo zimetajwa zile za magurudumu matatu za kubebea mizigo. Yaani hata chombo changu kingekuwa guta kweli, bado guta lenyewe wameliweka fungu moja na baiskeli. Chombo cha mtu mwenye ulemavu nacho kina fungu lake, 8713, kiwe na injini au kisiwe nayo. Sikuona fungu la kumpima aliyekaa juu yake.

Tena siku ile, mbele ya macho yangu, dirisha hilohilo lilipokea baiskeli ya mtoto yenye vile vigurudumu viwili vya pembeni vya kumzuia asianguke. Hesabuni wenyewe, ni magurudumu manne. Ilipita kwa 10,000. Ikafuata baiskeli ya kijana mmoja, ina mota kwenye gurudumu la nyuma na betri imefungwa kwenye fremu. Nchi za Umoja wa Ulaya chombo kama hicho kinaulizwa kwanza: je, mota yake inazidi wati 250? Je, inaacha kusaidia inapofika kilomita 25 kwa saa? Je, inasukuma hata asipokanyaga pedeli? Ndipo kiitwe baiskeli au kiitwe pikipiki. Kwenu hakikuulizwa lolote, kikalipiwa 10,000 kikaingia kwenye buti. Yenye manne ilipita, yenye mota ilipita, ya kwangu inayokwenda kwa mabega yangu ndiyo iliyopelekwa kwenye mizani.

Nitasema na hili, kwa sababu linaniuma kama fundi. Mwaka 1655 huko Nuremberg, Ujerumani, fundi saa mmoja aitwaye Stephan Farffler, ambaye hakuweza kutembea, alijitengenezea chombo cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono. Karl Drais alikuja na chombo chake cha magurudumu mawili mwaka 1817, na hata pedeli hakikuwa nazo, mtu alijisukuma kwa miguu ardhini. Miaka 162 inapita kati yao. Kijana wenu ananiambia ya kwangu siyo baiskeli kwa kuwa haifanani na iliyozaliwa nyuma yake.

Tulipofika Tanga ndipo nilipoona nililipia nini. Mkono wa pedeli ya kulia ulikuwa umepinda hadi unagusa fremu, na spoku sita za gurudumu la nyuma zimekatika, kwa sababu juu yake palipangwa magunia ya vitunguu. Nililipa 38,800 za mzigo, na hata mzigo haukutunzwa kama mzigo. Nikashuka Tanga, mji ambao baiskeli zimeegemezwa kila ukuta, nikiwa siwezi kwenda hata hatua kumi. Mtoto wa dada yangu alinibeba mgongoni kutoka stendi mpaka kwenye bajaji, na kutoka kwenye bajaji mpaka ndani. Nina miaka 51. Niliingia kwenye hitma ya mama yangu nikiwa mgongoni mwa kijana.

Nilipiga simu ofisini kwenu Jumatatu. Binti aliyepokea alikuwa na heshima, sina neno naye. Aliniambia, "Baba, mfumo wetu una baiskeli, pikipiki na guta tu, hauna hiyo ya kwako." Akanipa msimamizi wa stendi. Msimamizi akaniambia ningesema mapema kwamba ni chombo cha mtu mwenye ulemavu, wangenisaidia.

Ningesema mapema! Mtu anaingia dirishani kwenu akiwa chini ya kimo cha meza, magongo yake yameshikwa na mtoto, miguu yake imefungwa kwa kitambaa isiburuze, mnataka aseme kitu gani? Na nilisema. Naomba nirudi pale kwenye mizani, kwa sababu nilivyoeleza mwanzo sikueleza yote. Niliona haya.

Nilisema, "Kijana wangu, hii ndiyo miguu yangu, huwezi kuipima miguu ya mtu." Akacheka kidogo, akawageukia makuli akasema, "Mpimeni naye humo humo." Niliomba kiti. Niliomba mara mbili. Kiti kilikuwepo, kiko nyuma yake, ameweka chupa ya chai na kitabu cha risiti. Makuli walisita, na mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Tusamehe, baba." Wakanisukuma. Mizani ile ya bati ilipiga kelele magurudumu yalipopanda, watu wa foleni wakageuka wote. Mama mmoja akasema, "Jamani." Hakuna aliyesema zaidi ya hapo.

Niliandika juu kwamba ikasomwa 97. Sikuandika nani aliyesoma. Kijana wenu hakutaka kutoka kwenye dirisha lake, na kutoka pale alipo kioo cha mizani hakionekani. Akamwambia mwanangu, "Dogo, hebu nisomee hapo." Mwanangu akainama, magongo yangu yamo mikononi mwake, akasoma kwa sauti kama anavyofundishwa shuleni: "Tisini na saba."

Huyo ndiye aliyesoma. Mtoto wa darasa la tano alimsomea mtu wenu uzito wa baba yake ili baba yake atozwe. Tulipofika Tanga shangazi yake akamuuliza safari ilikuwaje, akajibu maneno mawili tu: "Baba alipimwa." Usiku hakula.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai tofauti ya bei peke yake, shilingi 28,800, kwa kuwa mimi si mtu wa kupenda kesi. Sasa sitaki tofauti. Nataka 38,800 yote, kwa sababu risiti mliyonipa ni ya guta na mimi sikuwa na guta. Nataka na 60,000 ya mkono wa pedeli, spoku sita na siku nne ambazo kibanda changu kimefungwa, maana bila baiskeli siwezi kufika kazini. Nataka bango lenu la bei liandikwe upya katika kila stendi, lieleze wazi kwamba baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono ni baiskeli, na kwamba ikiwa ndiyo miguu ya abiria mwenye tiketi basi haitozwi hata senti. Nataka maandishi yenu rasmi kwamba hakuna binadamu atakayepandishwa tena kwenye mizani ya kampuni yenu. Na nataka kijana yule amwombe radhi mwanangu, uso kwa uso. Mimi anaweza kuniacha.

Nilikuwa nimeandika siku kumi na nne. Nimekata, nimeandika saba.

Zikipita siku saba bila jibu, barua hii pamoja na risiti itafika LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Itafika pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nitaambatanisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu ambao nchi hii iliuridhia mwaka 2009, wenye kifungu kizima, cha 20, kuhusu uhuru wetu wa kwenda tunakotaka. Msiniambie kwamba hamkujua. Kampuni yenye mabasi barabarani kila siku haiwezi kutojua.

Na lipo jambo moja zaidi. Baiskeli za mikono ninazozitengeneza mimi hapa Dar es Salaam ni ishirini na tatu. Wenyewe nimeshawasimulia. Siku ya nane tutakata tiketi zenu, kila mmoja ya kwake, nauli kamili, basi la alfajiri, na tutakuja dirishani pale na baiskeli zetu zote. Waambieni makuli wawe tayari, na mtafuteni wa kuwasomea mizani, kwa sababu mwanangu siku hiyo atakuwa shuleni.

Wenu,

Abiria wa kiti namba 3,
Fundi baiskeli, Mbagala.

Kiambatanisho: Risiti ya "Guta 1, kg 97".