Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanisa Dogo la Wareno, Malindi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imeshughulikia mawili: maelezo wanayopewa wageni, na kuta.

Bado mgeni anaambiwa Vasco da Gama ndiye aliyelijenga kanisa mwaka 1498. Sivyo. Alitia nanga katikati ya Aprili, akakaa siku zisizotimia kumi, akapata rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, akaenda zake. Kanisa ni la Wareno waliokuja baadaye kukaa na kufanya biashara kwa hisani ya mfalme wa Malindi. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier, akielekea Goa huko India, alishuka hapa kumzika mtu aliyefia chomboni; barua yake inawataja Wareno wakaazi wa mji. Ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza mwaka 1593, makao yao yakahamia Mombasa. Tena tusichanganye kanisa na ile nguzo ya Vasco da Gama iliyoko rasini: nguzo ni ya matumbawe ya hapa, msalaba wake wa jiwe la Lisbon.

Kuta ndizo zenye kazi. Adui ni saruji, ingawa kila fundi huitaka kwa kuwa inakauka upesi. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Likizibwa kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya lipu, jiwe huwa unga, na kiraka kikidondoka huondoka na ukuta.

Msimamo wa kamati ni chokaa tupu. Izimwe kwa maji, ilale shimoni wiki kadhaa, ichanganywe kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi. Ukuta uloweshwe kwanza, lipu ipakwe kwa matabaka membamba, kisha ifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Ikipigwa na jua mapema hupasuka.

Kazi ya paa la makuti ni rahisi zaidi: likaguliwe kabla ya masika, hasa mgongoni, maana tone moja likiingia juu ya ukuta huharibu kazi yote ya chini.

Hakuna anayeruhusiwa kugusa jiwe bila kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Anayemjua fundi anayechoma chokaa kwa njia ya zamani ampeleke kwa katibu.