Jumamosi tunakaa na wahariri

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 4 asubuhi wahariri wanakuja kujaribu programu yetu ya kuhariri maandishi. Waandaaji programu, nawasihi sana: msiwaelekeze! Juzi dada mmoja alitafuta kitufe cha kurudisha neno alilofuta, mshale ukakipita mara tatu, nami nikakimbilia kumwonyesha. Nilikosea. Ningenyamaza tungejua alitarajia kukikuta wapi.

Miaka ya 1970, kabla ya kutengeneza programu ya kuhariri maandishi iitwayo Gypsy na Larry Tesler pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, Tim Mott alikwenda kwanza kuwatazama wahariri wa vitabu wa kampuni ya uchapishaji ya Ginn wakifanya kazi kwenye karatasi. Gypsy ikatoka na kata na bandika, tunazotumia mpaka leo.

Njooni na daftari. Mwenye laptopu ya ziada aniambie leo.