Mfumo wa masomo mtandaoni usigeuzwe stoo ya PDF

Ndugu Mhariri,

Kila muhula unapofunguliwa, shule kadhaa za sekondari hapa Dar es Salaam huwatangazia wazazi kwamba sasa masomo yako "kwenye mfumo". Mzazi wa Mbagala akiufungua mfumo huo kwa simu yake anakuta nini? Fizikia, mada ya kwanza, PDF. Mada ya pili, PDF. Nyingi ni kurasa za daftari la mwalimu zilizopigwa picha, nyingine zimelala ubavu. Kwa kazi hiyo grupu la WhatsApp lingetosha, na pesa ya kukodi seva, yaani kompyuta inayohifadhi mfumo, ikanunua karatasi.

Tunazungumzia Moodle kwa kuwa ndiyo inayotumika sana. Ni programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2002, na haina ada ya leseni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanayo. Gharama yake ni seva, intaneti na mtu wa kuitunza, na huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika kwenye bajeti.

Kuna jambo moja ambalo grupu la WhatsApp haliwezi kulifanya: kumwambia mwalimu, kabla hajashika chaki, darasa limekwama wapi. Tuoneshe kwa swali moja la mada ya nguvu. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 yuko mwezini, ambako mvutano ni nyutoni 1.6 kwa kila kilo. Uzito wake ni kiasi gani? Majibu ya kuchagua: A, nyutoni 600. B, nyutoni 96. C, nyutoni 60. D, nyutoni 37.5. Sahihi ni B. Ila tazama yale matatu yaliyobaki, maana hayakuokotwa tu. Aliyechagua A ametumia mvutano wa dunia, 10. Aliyechagua D amegawanya badala ya kuzidisha. Aliyechagua C anadhani tungamo na uzito ni kitu kimoja, na hatumlaumu, kwani sokoni Kariakoo kila kitu ni "uzito wa kilo mbili". Swali likitungwa hivi, kila jibu la makosa lina jina la ugonjwa wake. Ukijaza majibu ya kubahatisha, 5, 17, 1,000, mfumo utakupa alama tu na hutajua cha kutibu.

Maswali ya namna hii mwalimu hana haja ya kuyaingiza moja moja kwa kubofya. Ayaandike kwenye programu nyepesi ya maandishi, Notepad kwa mfano, kwa mpangilio unaoitwa Aiken: swali lote mstari mmoja, kila jibu mstari wake, likianza na herufi kubwa, nukta na nafasi, mstari wa mwisho neno ANSWER kwa herufi kubwa, nukta pacha, kisha herufi ya jibu sahihi. Faili lihifadhiwe kama .txt kwa usimbaji (encoding) wa UTF-8, kisha liingizwe kwenye benki ya maswali. Linakwama kwa sababu zilezile kila mara. Mwalimu ameandika kwenye Word akahifadhi docx. Swali refu amelikata kwa Enter katikati. Ameandika JIBU badala ya ANSWER. Neno hilo halitafsiriwi hata kama somo zima ni Kiswahili. Maswali kumi kwa wiki yanatosha. Mwakani yapo, unayanoa tu.

Mpangilio wa jaribio lenyewe: muda dakika 15, majibu yachanganywe, maswali matano kwa ukurasa. Ukurasa mmoja mrefu unaonekana nadhifu, lakini kila mwanafunzi anapokwenda ukurasa wa pili majibu yake hupelekwa kwenye seva, na hilo ni akiba mtandao ukikatika. Ruhusu mwanafunzi alifanye mara mbili ukitaka, ila takwimu zisome kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya pili inapima kumbukumbu. Na alama za zoezi hili la wiki zisiingie kwenye ripoti ya mzazi. Zikiingia tu, majibu yataanza kuuzwa kwa soda, na takwimu zako zitakuwa za uongo.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi hawaifungui kabisa. Ndani ya jaribio kuna ripoti ya takwimu. Kila swali lina asilimia ya kiwango cha urahisi, yaani waliolipata kati ya kila mia, na ukilibofya unaona wangapi walichagua A, wangapi C. Dakika kumi za Jumatatu asubuhi zinatosha. Swali ambalo zaidi ya nusu wamekosa lina sura mbili. Ikiwa makosa yamejikusanya kwenye C, darasa lina dhana potofu moja, na kipindi kianze na mizani ya kilo na mizani ya nyutoni juu ya meza. Ikiwa yamesambaa sawasawa, watoto wamebahatisha: ama mada haikufika, ama swali ni bovu. Hapo andalio la somo hubadilika palepale. Kurudia mada nzima kwa sababu ya swali moja ni kupoteza vipindi ambavyo azimio la kazi halina.

Sasa saa. Tarehe ya kufunga jaribio huwekwa kwa saa 24, na sisi husema saa kwa Kiswahili. Mwalimu anayetaka lifungwe saa mbili usiku akichagua 2:00, jaribio litafungwa saa nane za usiku, watoto wamelala. Saa mbili usiku ni 20:00. Ongeza na hili: seva nyingi za kukodi hutumia saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Msimamizi achague Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio ya mahali siku ya kwanza, na awazuie watumiaji kubadilisha wenyewe.

Mwanafunzi wa kutwa haruhusiwi simu shuleni. Nyumbani anategemea simu ya mzazi, na mzazi anayerudi Chanika kutoka mjini hufika usiku akiwa na chaji asilimia tisa. Kwa hiyo fungua Ijumaa mchana, funga Jumapili saa tatu usiku, yaani 21:00. Jaribio la Jumatano usiku ni la watoto wenye Wi-Fi nyumbani.

Bando nalo lina hesabu yake. Picha moja ya ukurasa kwa simu ya kawaida inaweza kufika megabaiti 3 hadi 5. Notisi za kurasa kumi zinakaribia 50. Kurasa hizohizo zikipitishwa kwenye programu ya kuskani, kwa rangi ya kijivu, hushuka hadi megabaiti 2 hivi. Video ya somo zima usiipandishe. Rekodi sauti dakika kumi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 2.4, iweke chini ya mchoro mmoja. Walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kurekodi sauti hakuhitaji kifaa kingine. Faili likikataa kupanda, angalia kikomo cha ukubwa wa faili cha PHP, lugha inayoiendesha Moodle, kwenye seva kabla ya kulaumu mtandao: kwa kawaida huanza na megabaiti 2 tu.

Shule yenye maabara ya kompyuta 20 na mkondo wa wanafunzi 60 isikate tamaa. Kipindi pacha cha dakika 80 kinabeba zamu tatu za dakika 20, wengine wakifanya hesabu za ubaoni, na dakika 20 za mwisho ni za mwalimu na lile swali lililowaangusha wengi. Zamu ya kwanza ya muhula huliwa yote na nywila zilizosahaulika. Chapisha vikaratasi vya majina na nywila, wavibandike nyuma ya daftari.

Majina huingizwa kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na hapa Excel ni mchokozi: namba ya usajili 0042 inaigeuza 42 bila kukuambia. Fanya safu hiyo iwe maandishi kabla hujaandika chochote. Namba zenye mkwaju (/), mfano wa zile za mtihani wa taifa, hukataliwa kama jina la kuingilia. Tumia kistari, na herufi ziwe ndogo. Usitumie jina la mtoto. Akina Juma Hassan watatu kwenye mkondo mmoja si jambo la ajabu hapa Dar.

Pasipo na intaneti ya kutegemewa, Moodle inaweza kukaa ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja inayotosheka na umeme wa wati 15, wanafunzi wakaunganishwa kwa Wi-Fi bila senti ya bando. Tunaipenda, ila ina mitego. Usitegemee Wi-Fi yake ya ndani kwa darasa zima. Funga ruta ya kando. Umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika, hivyo iwe na betri ya akiba. Na toleo la 4 na yale ya nyuma yake hayana betri ya saa. Umeme ukirudi bila intaneti, Pi huamka ikiamini ni siku iliyopita, na jaribio la leo linakataa kufunguka huku mwalimu akihangaika na nyaya. Dawa ni kipande cha saa cha DS3231 na betri yake ya mviringo.

Kwenye seva yoyote, kazi za nyuma ya pazia, zinazoitwa cron, ziendeshwe kila dakika. Zikilala, majaribio ambayo muda umekwisha hubaki "yanaendelea" na taarifa haziendi. Mwalimu akilalamika kwamba alama hazionekani, anza hapo. Mwisho wa mwaka chukua nakala rudufu ya kila kozi, itoe nje ya seva, ndipo ufute kazi za wanafunzi. Ukianza kwa kufuta, hakuna wa kukusaidia.

Wakuu wa shule wakumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023. Majina, picha na alama za watoto kwenye seva ya kukodi ni taarifa binafsi. Kabla ya kusaini, muulizeni mwenye seva data inakaa nchi gani, nani ana nywila ya msimamizi, na mkataba ukiisha nakala mtapewa kwa muundo gani. Asipoweza kujibu la tatu, tafuteni mwingine.

Wenu,
Wasimamizi wa mifumo ya kujifunzia mtandaoni,
Dar es Salaam