Wenye baiskeli nao wapewe njia

Mhariri,

Ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, umewabana wabeba mkaa na mikate kwa baiskeli ubavuni mwa malori. Kila mtu huogopa lori. Lakini kinachomwangusha mtu mbele ya lori mara nyingi ni ukingo wa lami. Lami ikizidi kimo cha kifusi cha pembeni kwa sentimita 5 tu, gurudumu la mbele likipanda kwa mshazari hujisugua ukingoni, usukani hukataa kugeuka, na mwendeshaji huangukia upande wa magari.

Mkandarasi anaweza kulizuia hilo: kila jioni ashindilie kokoto ukingoni kwa mteremko, upana wa sentimita 15 kwa kila 5 za kimo. Koni za barabarani ziwaachie wenye baiskeli njia ya upana wa mita 1.5. Boza linyunyize maji kidogo kidogo, maana yakizidi vumbi hugeuka utelezi.

Nanyi waendeshaji, punguzeni mwendo, mkabili ukingo moja kwa moja. Kiakisi mwanga kifungwe nyuma ya mzigo. Chini ya kiti gunia hukifunika.

Fundi baiskeli,
Tegeta, Dar es Salaam