Barua ya malalamiko: shilingi 14,350 kwa sinki moja lililoziba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: ANKARA YA KUZIBUA SINKI LA JIKONI, NYUMBA NAMBA 7, DONHOLM

Natumai hamjambo. Masharti ya kazi yenu mnayajua, na makadirio mliyotuma kwa simu mnayo, kwa hivyo sitawachosha na utangulizi. Naanza na trapu, yaani ule mpindo wa bomba chini ya sinki.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, fundi wenu alisimama katika jikoni la mpangaji wa nyumba namba 7, trapu ya sinki mkononi, bomba la ukutani likiwa wazi, akamwambia mpangaji huyo, mama anayeweza kumzaa: "Mathe, lipa ama ukae na hiyo maji." Trapu hiyo si mali yake wala si mali yenu. Ni ya nyumba.

Asubuhi mlisema shilingi 2,500, kila kitu ndani. Ankara iliyoandikwa jioni kwa kalamu ya bluu inasema hivi: ufundi 2,500, kukodi mashine ya presha 6,000, dawa 1,800, trapu mpya 1,400, silikoni 650, na "dharura" 2,000. Jumla 14,350. Nimesimamia jengo hili na kuita mafundi wa kutosha kujua kila kipengele hapo kina thamani gani, kwa hivyo tafadhali msinijibu kwamba mteja haelewi kazi. Hilo ndilo jibu alilopewa mama na ofisi yenu kwa simu. Nitalirudia hapa chini.

Tuanze na mashine. Kabla fundi hajataja mashine, kuna mambo mawili ya kuangalia ambayo hayagharimu hata shilingi moja. Kwanza, afungulie maji bafuni na katika nyumba za juu na chini zinazotumia bomba lile lile la kushuka. Pili, ateremke chini atazame gali trapu, ile ya nje inayopokea maji machafu kutoka bomba la kushuka, na chemba, shimo la kukagulia bomba la maji taka. Kama gali inafurika au chemba imejaa, tatizo liko mbele, na hapo rodi, zile fimbo ndefu za kuzibulia, au mashine ina kazi. Kama gali imetulia na majirani wanamwaga maji bila shida, kizuizi kiko kati ya sinki na bomba la kushuka. Jumanne bafu la namba 7 lilikuwa linapitisha maji vizuri. Namba 3 na namba 11 pia. Chemba nilifunua mwenyewe, ilikuwa karibu kavu.

Maana yake ni kwamba kizuizi kilikuwa ndani ya mita mbili za bomba la inchi moja na nusu, na kwa kweli kilikuwa kwenye elbo, yaani kona ya bomba, ya kwanza baada ya ukuta. Pale mafuta ya kupikia huganda, hasa baridi ya Julai, yakashika majani ya chai na mabaki ya unga mpaka yakawa kama kizibo. Aliyejenga aliweka elbo ya nyuzi 90 mahali ambapo mbili za nyuzi 45 zingeteleza vizuri zaidi. Hilo si kosa lenu, nalikubali. Lakini kizuizi cha namna hiyo hutolewa kwa springi ya mkono ya mita tatu, ule waya wa kuzungusha ndani ya bomba. Na ndiyo aliyotumia! Dakika ishirini, springi, ndoo na kitambaa. Mashine ya presha ilikaa kwenye pikapu nje ya geti, kamba haikufunguliwa hata fundo moja. Hiyo ndiyo mashine ya shilingi 6,000.

Alimwambia mama kwamba "laini kuu" imeziba. Laini kuu iliyo nje ya ploti ni ya Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, na si kazi ya fundi wa sinki kuizibua wala kuitoza.

Dawa nayo. Alimwaga kostiki soda bila kuuliza kama mpangaji alikuwa ameshatia kitu. Alikuwa ameshatia, usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisha, maji yakiwa bado yamesimama, akataka kuongeza asidi juu yake, na ni mama aliyemzuia. Kila anayefanya kazi hii anajua asidi ikikutana na kostiki ndani ya bomba lililojaa, mchanganyiko huchemka na kuruka, na wa kwanza kupata ni aliyeinama juu ya sinki. Hata kostiki peke yake, ikitiwa nyingi na maji machache, huyageuza mafuta kuwa sabuni ngumu inayokwama mahali pale pale. Nusu kilo ya kostiki kwa shilingi 1,800? Mnauza dawa au dhahabu?

"Dharura" sijui ni ipi. Mlipigiwa simu saa tatu asubuhi, fundi akafika saa tisa na nusu alasiri.

Sasa narudi kwenye jikoni, kwa sababu nataka mwelewe vizuri kilichotokea pale. Maji yalikuwa yameshaanza kupita. Kazi iliyobaki ilikuwa kurudisha trapu: nati mbili na washa mbili (zile pete za kuzuia uvujaji), dakika tano. Badala yake akaifuta trapu kwa kitambaa, akaitia kwenye mkoba wake wa vifaa, akafunga zipu, akasimama mlangoni na ankara. Mama akasema bei waliyopatana ni 2,500. Ndipo alipotamka maneno yale ya "Mathe, lipa ama ukae na hiyo maji," akapiga simu ofisini kwenu na kuiweka kwa sauti ya juu, na mtu wenu akajibu, mama akisikia, mimi nikisikia kutoka ngazini: "Kama mteja haelewi kazi asibishane na fundi." Hakuuliza bei ya makadirio. Hakuuliza hata jina. Trapu ile hushika maji ya kama sentimita tano yanayozuia hewa ya maji taka na mende visipande jikoni. Bila hiyo, jikoni limeunganishwa moja kwa moja na mabomba ya maji machafu ya jengo. Mama ana mjukuu mchanga ndani. Akalipa. Pesa zilikwenda kwa namba ya simu ya fundi, si kwenye till, namba ya malipo ya biashara yenu.

Na trapu aliyorudisha ni ile ile ya zamani. Najua kwa sababu ina tone la rangi ya krimu tangu ukuta ulipopakwa. Iko wapi ile mpya ya 1,400?

Jumatano asubuhi kabati la chini ya sinki lilikuwa limelowa. Washa ya koni ilikuwa imegeuzwa, upande mpana ukielekea mahali ambapo mwembamba ndio huingia, na nati ya plastiki ilikazwa kwa spana mpaka ikapasuka. Nati ile hukazwa kwa mkono, ukaongeza robo mzunguko ikibidi, basi. Silikoni ilikuwa imepakwa juu kuficha uvujaji. Kiasi cha kucha, na mrija wake wa shilingi 650 aliondoka nao. Fundi mwingine alibadilisha nati na washa kwa shilingi 1,700, pamoja na kazi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai tofauti tu, yaani 11,850. Kisha nikakumbuka 1,700 za kurekebisha, ikawa 13,550. Lakini hata zile 2,500 ni za kazi ambayo haikukamilika, kwa hivyo nadai zote: 14,350 mlizotoza na 1,700 za fundi wa pili, jumla shilingi 16,050, zirudishwe kwa mpangaji, si kwangu. Nadai pia mtu aliyejibu simu ile ampigie mama na kumwomba radhi, kwa sauti ya juu kama alivyosema.

Nawapa siku saba. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kufidiwa hasara, na Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kulazimu wakili. Picha za ankara, ujumbe wa M-Pesa, mashine ikiwa imefungwa kwenye pikapu na nati iliyopasuka ninazo. Ankara hiyo haina alama yoyote ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), na nakala yake itafika KRA siku ya nane.

Trapu yenye tone la rangi bado iko chini ya sinki. Tumeni mtu aje aitazame, ila asiwe yule fundi; mlinzi wa geti ameshaagizwa.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa jengo,
kwa niaba ya mpangaji wa nyumba namba 7.