Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Ubora na Usalama katika Kliniki Zetu za Tiba na Ngozi

Ndugu wanachama,

Mhazini atasoma hesabu za chama baada yangu, na Katibu ameshawagawia orodha ya wanachama wapya. Ya kwao sitayagusa. Taarifa yangu ya mwaka huu inahusu jambo moja: ukaguzi wa wenyewe kwa wenyewe tulioupitisha katika mkutano uliopita, ambapo mwanachama anaikagua kliniki ya mwenzake bila kumtangazia siku.

Sheria ya mwaka 1977 ilifunga milango kwa tiba binafsi ya kutafuta faida hapa kwetu Tanzania, na marekebisho ya 1991 ndiyo yaliyotufungulia. Leo kliniki moja ya ngozi inasimamiwa na wengi: bodi ya vituo binafsi, bodi ya maabara binafsi, mabaraza ya taaluma, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), Zimamoto, timu ya afya ya wilaya. Kila mmoja anakuja na fomu yake na ada yake. Malalamiko yenu juu ya utitiri huo tumeyafikisha kwa maandishi na tutaendelea kuyasukuma. Lakini hata fomu hizo zikipunguzwa zikabaki moja, leseni iliyotundikwa ukutani itaendelea kusema tu kwamba tulikuwa na sifa siku ilipotolewa. Mgonjwa anatibiwa Jumanne mchana, foleni imefika nje, umeme umekatika na muuguzi yuko peke yake. Saa hiyo ndiyo niliyoiomba Kamati ya Ubora iende kuiona.

Kamati imepita kwa wanachama wote walioridhia. Maji ya kunawa na vitakasa mikono vipo, visanduku vya sindano havijazwi kupita robo tatu, na friji za chanjo na dawa zinasomwa nyuzi joto asubuhi na jioni. Hongereni kwa hayo.

Kwenye utakasaji wa vifaa hali si nzuri. Mashine ya mvuke ipo karibu kila mahali. Wakaguzi walipoomba kuoneshwa kwamba jana ilifika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15, rejista ilikosekana au ilijazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja tangu mwanzo wa mwezi. Wengine walionesha utepe uliobadilika rangi. Utepe ule unathibitisha kuwa pakiti imepata joto. Hauwezi kuthibitisha kuwa vijidudu vimekufa. Hilo linahitaji vipimo vya mbegu za bakteria sugu kwa joto, na chama kinaweza kuvinunua kwa pamoja tukavipata kwa nafuu. Sisi tunaokata sunzua na kuchoma sindano za makovu kutwa nzima hatuna cha kujitetea hapa. Mhudumu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30, wakati kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Kila mmiliki akirudi kazini awaulize wauguzi wake nani amemaliza dozi tatu za chanjo, na asiyemaliza apelekwe wiki hiyohiyo.

Lililoniumiza zaidi ni habari ya vinyama tunavyokata. Katika kliniki moja, majibu ya maabara yaliyosema saratani yalikuwa yamelala kwenye faili na mgonjwa, mtu mwenye ualbino, hajapigiwa simu. Alitafutwa siku ileile, akapatikana, na sasa yuko kwenye matibabu. Wengi wetu tumepita kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa 1992, na tulichofundishwa kule kuhusu ngozi isiyo na kinga dhidi ya jua hakina utata. Kinyama chenye shaka kinakwenda maabara, na jibu linamfikia mwenyewe. Kamati imeandaa rejista ya sampuli yenye tarehe ya kupeleka, tarehe ya kupokea, tarehe ya kumweleza mgonjwa, na jina la aliyemweleza. Naomba ianze kutumika kesho.

Kwenye leza, wakaguzi walikuta miwani ya kinga mizuri na ya gharama, ila ya mashine nyingine. Miwani ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 755 haimkingi aliye mbele ya mashine ya 1064. Someni namba iliyochapwa kwenye fremu. Na kwa kuwa ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi zaidi, jaribio kwenye sehemu ndogo kabla ya tiba halina mbadala, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Picha za wagonjwa nazo zitoke kwenye simu za wahudumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu moja kwa moja, na uso wa mtu si tangazo letu.

Juu ya mkorogo msimamo wangu ni mkali, na nataka uandikwe kwenye kumbukumbu. Tunapokea kila siku watu walioharibiwa na zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ziliamua mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Kliniki inayochanganya krimu ya kung'arisha na kuiuza kwenye kopo lisilo na lebo haiwezi kuwa mwanachama wa chama kinachotibu madhara yake.

Wapo wanaohofia kwamba ukaguzi utawafilisi. Kenya walijaribu katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, wakavikagua vituo vya umma na vya binafsi kwa fomu moja, wakatoa alama na muda wa kurekebisha. Usalama wa wagonjwa uliongezeka, na wagonjwa hawakulipishwa zaidi wala hawakupungua. Wengine wanahofia mshindani kuona siri za biashara. Hoja hiyo ni ya haki, kwa hiyo mkaguzi atatoka wilaya nyingine na hataonyeshwa bei wala hesabu. Matokeo atapewa mmiliki peke yake pamoja na muda wa kurekebisha, isipokuwa pale penye hatari ya papo hapo kwa mgonjwa. Hapo huduma husika itasimama siku hiyohiyo.

Azimio lililo mbele yenu linaufanya ukaguzi huu kuwa sharti la uanachama. Kura itakuwa ya siri, na karatasi ziko kwa Katibu. Likipita, tutaanza na kliniki za viongozi, na ya kwangu itakaguliwa kwanza.